Shangazi Aliyefungua Faili

Paskazia Chenge alikuwa mkali kwa jambo moja tu, mafaili ya watu. Nyumbani kwake Ilemela kuku wa jirani waliingia mpaka jikoni, na yeye akawatoa kwa maneno mazuri. Lakini mtu aguse faili la mgonjwa bila ruhusa, aone. Diwani mmoja aliwahi kwenda ofisini kwake akitaka kujua dereva wake anaugua nini kila mwisho wa mwezi. Alitoka pale kimya, na soda aliyokaribishwa akaiacha nusu.

Kazi yake ilikuwa kusimamia kile ambacho watu walikiita Daftari la Pamoja. Zahanati kumi na moja za mjini, kuanzia Ilemela mpaka Butimba, zilikuwa zimekubaliana kwamba mgonjwa akiandikishwa kwenye moja, kumbukumbu zake zisomeke kwenye zote. Zamani mtu alitibiwa Kirumba, akahamia Butimba, akaanza upya kana kwamba kazaliwa jana, na akachomwa tena sindano ile ile iliyomdhuru mwaka uliopita. Daftari likaiondoa shida hiyo, likaleta nyingine: ikiwa kila zahanati inaweza kusoma, nani azuiwe asisome?

Ndipo Paskazia akaitwa. Aliandika kanuni kumi na mbili, akazitetea mbele ya kamati kwa miezi minne, na hakuna hata moja iliyopunguzwa makali. Faili lilifunguliwa na anayemtibu mwenyewe siku hiyo. Mwingine yeyote aliandika sababu kwenye kisanduku, na mfumo ukatunza jina lake, siku na saa. Wageni kutoka mikoa mingine walikuja kujifunza, na yeye aliwaambia akiwa amesimama, mkono kiunoni: "Faili la mtu ni chumba chake cha kulala. Huingii kwa sababu tu mlango haujafungwa." Wageni waliandika maneno hayo kwenye madaftari yao.

Basi huyo huyo Paskazia alikuwa pia shangazi.

Asiyejua aelezwe. Katika ukoo wa Chenge, kijana hapeleki mahari kwa watu mpaka shangazi yake, dada wa baba, amekwenda kuuchunguza upande wa binti. Hatumwi mwanamume, kwa kuwa mwanamume huuliza maswali na kuletewa majibu ya adabu. Shangazi hufika kijijini kwa kina binti kama mpita njia. Atateka maji na majirani, atasaidia kupukuchua mahindi, ataulizia bei ya kuku asiyemtaka. Siku ya tatu au ya nne anajua kila kitu: nani alikufa kwa nini, nani mwizi, nani mchawi, nyumba gani ina kifafa. Hurudi na neno moja, ndiyo au hapana, na wazee hawamwulizi zaidi. Kaka yake Alexander alipotaka kuoa, shangazi yao alikaa ugenini siku tisa, akarudi na malengelenge ya mchi viganjani na neno "ndiyo".

Sasa zamu ilikuwa ya Nestory, mtoto wa Alexander, fundi wa majokofu. Amempata Hellen Nkwabi, mwalimu wa shule ya msingi Butimba, ambaye kwao ni Misungwi, ndani kabisa. Barua ya posa ilikuwa imepokelewa. Binti mwenyewe alishafika Ilemela kusalimia, akaleta matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa na mama yake, akapiga goti na kusema, "Shikamoo shangazi," na baada ya chakula akaosha vyombo bila kuambiwa. Paskazia alimpenda. Hilo lisemwe wazi, maana baadaye wapo waliodhani alikuwa na kinyongo naye.

Alichokosa ni siku za kwenda Misungwi. Mwezi ule kulikuwa na wageni, na ripoti, na zahanati mbili zaidi zilizotaka kujiunga. Alexander alipiga simu kwa upole. Akapiga tena, upole ukiwa umepungua. Mara ya tatu alimwuliza kama ofisi imemsahaulisha yeye ni binti wa nani, akamkumbusha ng'ombe wa mahari wako tayari na wajomba wanasubiri. Neno hilo la ofisi lilimchoma Paskazia, kwa sababu alikuwa akijiuliza jambo hilo hilo kila anapolala.

Alhamisi moja, wenzake wakiwa wamekwenda kula, aliandika "Hellen Nkwabi" kwenye mfumo. Mwanamke, mwaka wa kuzaliwa elfu moja mia tisa tisini na saba, zahanati ya Butimba. Likaja faili moja. Mfumo ukamwuliza sababu, akaandika "uhakiki". Alijiambia shangazi yake alitumia siku tisa kupata habari ambazo yeye angezipata kwa dakika tatu, na kwamba habari ni zile zile.

Faili lilisema kifafa. Tangu utotoni, dawa kila mwezi, hakosi. Kulikuwa na maelezo ya alama ya kuungua, mkono wa kushoto, kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kiganja: alianguka jikoni akiwa na miaka kumi na minne. Paskazia alisoma mara mbili, akagundua hakuwahi kuitazama mikono ya binti aliyemwoshea vyombo, akafunga, akakaa akitazama ukuta. Alimhurumia binti. Kisha akampigia kaka yake na kumwambia neno lake, hapana.

Mambo yangeishia hapo kama Alexander angekuwa wa zamani. Lakini naye alimpenda Hellen, na alitaka kujua. Alimsihi dada yake, akamwambia kijana atakufa kwa huzuni bila sababu, akaapa neno halitatoka. Paskazia akampa. Alisema neno moja tu, "kifafa", akasikia kaka yake akivuta pumzi upande wa pili.

Siri ya watu wawili, wa tatu humwaga. Alexander alimwambia mkewe Tereza, ambaye hununua dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, kwa ajili ya kuuza mtaani. Na Tereza, akiwa na uchungu wa harusi iliyovunjika, akawaambia wanawake wa Mwaloni jina la binti na ugonjwa wake, akiwaonya wenye watoto wa kiume. Barua ya posa ikarudishwa Misungwi bila maelezo. Nestory alimfuata Hellen mwenyewe na kumwuliza, binti akasema hajawahi kuanguka hata siku moja, na kijana akaamini anafichwa. Wiki mbili baadaye mwalimu mkuu alimwita Hellen na, kwa lugha laini, akamwomba cheti cha daktari kabla hajawapeleka wanafunzi kwenye ziara ya ziwani. Huyo naye alikuwa amesikia kwa mtu, aliyesikia kwa mtu.

Hellen hakulia ofisini. Alikwenda zahanati ya Butimba siku hiyo hiyo kutafuta cheti, muuguzi akafungua faili lake, na wote wawili wakatazamana. Muuguzi alimjua mwenye kifafa kwa sura, na huyu hakuwa yeye. Hellen akaomba karatasi, akaandika lalamiko kwa mwandiko wa ubaoni, mzuri, usio na kosa. Lalamiko likapelekwa panapohusika, yaani kwenye meza ya Paskazia.

Alilisoma akiwa amesimama, akatafuta kiti kwa mkono bila kukiangalia.

Kamati ndogo ilikaa kesho yake: Paskazia, Mzee Luhende, na Safia. Mzee Luhende alikuwa karani wa masijala kwa miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu, akaitwa tena kusaidia. Safia, binti wa Kirumba, ndiye aliyekagua kila mwisho wa mwezi orodha ya waliofungua mafaili. Kazi alifundishwa na Paskazia, na yale maneno ya chumba cha kulala aliyaandika kwa kalamu nene juu ya meza yake.

Mzee Luhende aliweka mezani kadi mbili za zamani, za karatasi, kingo zimechakaa. Hellen Nkwabi wawili, wanawake, mwaka mmoja. Mmoja mama yake Evelina, wa Misungwi. Wa pili mama yake Selina, mkazi wa Kirumba. Kadi za masijala ziliwatenganisha kwa jina la mama, lakini Daftari halikuwa na kisanduku hicho. Wakati wa kupanga viwango mzee alikuwa ameomba kiwekwe, akasema Usukumani majina yanarithiwa na babu mmoja anaweza kuwa na wajukuu sita wa jina lake. Paskazia alimjibu kwamba foleni ni ndefu na visanduku vitano vinatosha. Kata na simu hubadilika, kwa hiyo mfumo ulilinganisha jina, jinsia na mwaka, na ulipoona vinafanana ukawaunganisha wanawake wawili wakawa mmoja. Mzee hakusema "niliwaambia". Alizipanga tu kadi zake, moja kando ya nyingine, na Paskazia angeona afadhali asemwe.

Lakini aibu yenyewe ilikuwa bado. Safia alikuwa na karatasi aliyoishika chini ya meza. Alipoiweka juu, aliiweka kifudifudi.

"Faili lilifunguliwa mara moja na mtu asiyemtibu," alisema Safia, macho chini. "Ni wewe, mama. Nimeona umeandika uhakiki. Nami nimeandika hivyo hivyo kwenye ripoti, kwamba ulikuwa unahakiki."

Ulikuwa mlango, na ulifunguliwa kwa heshima zote. Msimamizi wa Daftari ana haki ya kuhakiki. Kosa lingebaki la mfumo, mafaili yangetenganishwa, Hellen angepewa cheti na barua yenye muhuri, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Paskazia aliuona mlango huo wote, na kwa muda, wala si mfupi, alitaka kupita. Alimwangalia Safia, binti aliyemfundisha kazi, akamwona anamdanganyia, na anadanganya vibaya kwa sababu hajazoea. Uso ukamwaka hadi masikioni.

"Haikuwa uhakiki," alisema. "Futa hapo. Andika nilitafuta habari za mchumba wa mtoto wa kaka yangu."

Safia hakuandika. Mzee Luhende ndiye aliyevuta karatasi kwake, akaandika taratibu kwa herufi za masijala, akampa asaini.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Zile kanuni kumi na mbili sasa zilisomwa kwa ajili yake. Alinyang'anywa ruhusa ya kufungua faili lolote mpaka kamati kubwa ikutane. Na kanuni ya tisa, aliyoiandika mwenyewe na kuigombania kwa siku mbili, ilisema kwamba aliyefungua faili bila haki atamwendea mwenye faili uso kwa uso, amwambie alisoma nini na alimwambia nani. Barua haitoshi, maana si wote wanaosoma. Wakati ule akiitetea alimfikiria diwani. Hakujifikiria yeye mwenyewe akitembea barabara ya Butimba na kijasho mgongoni.

Kabla ya kwenda alimpigia kaka yake, akamweleza kila kitu. Alexander akasema kumbe binti ni mzima, basi kheri, barua ya posa itapelekwa upya na faini ya ng'ombe juu yake. Alisikika mwenye furaha. Paskazia aliishika furaha hiyo kwa mikono miwili, maana ilimpa kitu cha kupeleka.

Hellen alikuwa nyuma ya nyumba ya kupanga, akianika nguo za kazini. Alimwona mgeni, akafuta mikono.

"Shikamoo mama."

Hakuitwa shangazi. Paskazia alijibu marahaba kwa sauti ambayo hakuitambua, akapewa kigoda, akakaa. Akasema yote, kwa mpangilio wa kanuni: siku, saa, alichosoma, aliyemwambia. Hakusema "samahani" mpaka mwisho, kwa kuogopa isije ikaonekana anaitumia kufupisha maneno. Hellen alisikiliza akiwa amesimama na kibanio cha nguo mkononi, akikifungua na kukifunga. Kisha Paskazia akatoa ile habari njema. Kwamba imethibitika faili halikuwa lake. Kwamba kaka yake yuko tayari, Nestory pia, na harusi inaweza kurudi pale ilipokuwa.

"Na kama lingekuwa langu?" Hellen aliuliza.

Paskazia hakuelewa.

"Kama kifafa kingekuwa changu kweli. Ungekuja?"

Kuku wa nyumba ile alipita katikati yao. Paskazia alitafuta jibu ambalo lingekuwa la kweli na bado limwache ameketi pale kigodani. Kama lingekuwa lake kweli, kusingekuwa na lalamiko, na shangazi wa ukoo wa Chenge angekaa kwake Ilemela akijua ametenda kazi yake. Tangu jana alikuwa akiona haya kwa sababu alikosea mtu. Sasa aliona kwamba hata asingekosea mtu, haya yangekuwa ni yale yale, na yeye asingeyasikia.

"Nisingekuja," alisema.

Hellen aliitikia kwa kichwa, bila hasira, kama anavyomwitikia mwanafunzi aliyepata hesabu baada ya kuhangaika sana. Akasema barua ya posa wasijisumbue. Nestory alimwuliza mara moja, akajibiwa, na hakuamini. Nyumba hiyo yeye haingii. Alisema hayo akigeukia kamba ya nguo. Kisha, akiwa amempa mgongo, akauliza kama yule mwenzake wameshamwambia.

"Yupi?"

"Mwenye faili lake, mama. Wewe ulisoma la kwake."

Paskazia aliinuka. Hakumbuki aliaga vipi.

Njia nzima ya kurudi kaskazini, kuvuka mji, aliona haya ya namna ambayo hakuwahi kuijua. Alikuwa ameandika kanuni, ameivunja, amesaini kosa, amekwenda kutubu, na katika yote hayo hakumfikiria hata mara moja mwanamke ambaye ugonjwa wake ulikuwa ni ugonjwa wake kweli. Kwenye kikao cha kamati alikuwa kadi ya pili tu. Wote watatu walimtazama na hakuna aliyemwona.

Kirumba aliulizia Hellen wa mama Selina, wakamwelekeza Mwaloni, palipokuwa na jua na harufu ya dagaa. Aliuliza mara mbili, akaonyeshwa mwanamke mwembamba aliyekuwa akijaza dagaa kwenye viroba, peke yake, hatua kama kumi kutoka kwa wenzake waliokaa pamoja wakilizunguka karai la kukaangia. Alikuwa amekunja mikono ya gauni. Kwenye mkono wa kushoto, kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kiganja, kulikuwa na alama ya kuungua. Paskazia aliifahamu alama ile kabla ya kuufahamu uso, na jambo hilo lilimfanya atake kugeuka arudi zake.

Alisalimia. Akasema anatoka kwenye Daftari la Pamoja, la zahanati.

Mwanamke aliacha kiroba kikaanguka ubavu. Akamshika mkono mgeni asiyemjua, akamvuta nyuma ya rundo la magunia, na alipofika akatazama kushoto na kulia kabla ya kusema.

"Polepole, mama. Tafadhali. Mimi natibiwa Butimba, nauli mbili kwenda na mbili kurudi, ili hapa wasijue." Alijaribu kutabasamu. "Hawa ni watu wazuri. Sema siku hizi sijui nimewakosea nini. Juzi wameniambia nisikae tena karibu na karai, nikae kule pembeni. Labda ni joto. Lakini hilo hawalijui, na wakilijua sina pengine pa kufanya kazi."

Paskazia alichungulia juu ya magunia. Wale wanawake walikuwa wameacha kukaanga. Mmoja alikuwa akitazama upande wao, na macho yao yalipokutana akainamia karai haraka.

Kanuni ya tisa ilitaka siku, saa, kilichosomwa na walioambiwa. Alifungua mdomo aanze na siku, akashindwa, akaanza upya kwa sauti ya chini kama alivyoombwa.

"Wanajua, mwanangu," alisema. "Ni mimi niliyewaambia."